Kuutoa mfumo wa zamani wa Java kwenye seva yake na kuuandaa kwa wingu

Mwongozo huu ni wa mtu aliyezoea kuandika programu za makampuni kwa mtindo wa zamani: faili moja la EAR (programu nzima ikiwa imefungashwa pamoja), seva kama WebLogic, WebSphere au JBoss, hifadhidata moja nene nyuma yake, na toleo jipya linalopandishwa usiku wa Jumamosi huku nusu ya timu ikikesha. Sasa umeambiwa mfumo uende kwenye wingu. Wengi hukimbilia Kubernetes, mfumo wa kuendesha na kusimamia programu kwenye mashine nyingi, siku ya kwanza. Mimi naona Kubernetes iguswe karibu na mwisho, kwa kuwa ugumu wa kazi hii hauko huko.

Seva ile ya zamani ilikuwa ikikufanyia mambo mengi usiyoyaona. Ilishika sesheni za watumiaji (kumbukumbu za kila aliyeingia), ikafungua na kufunga miamala, ikagawa miunganisho ya hifadhidata, ikaamsha kazi za saa nane usiku, ikatunza nywila. Kwenye wingu hakuna wa kukufanyia hayo kwa namna ileile, na mchakato wowote unaweza kuuawa wakati wowote: mashine imebadilishwa, mzigo umepungua, toleo jipya limeingia. Kwa hiyo swali la kujiuliza kila hatua ni moja. Programu hii ikiuawa sasa hivi katikati ya kazi, na nakala nyingine ikaamka kwenye mashine nyingine, nini kitapotea? Ukiweza kujibu "hakuna", umefika, hata kama bado hujafungua akaunti kwa mtoa huduma yeyote wa wingu.

Natumia Java kama mfano kwa sababu mifumo mingi ya aina hii iko huko. Anayetoka .NET Framework atakutana na matatizo hayohayo yakiwa na majina mengine.

Hatua ya 1: Jua seva inakufanyia nini

Usiandike msimbo bado. Pitia uliopo ukitafuta dalili zinazojulikana:

```
grep -rnE "InitialContext|@Schedule|@Stateful|setAttribute\(|new File\(|getRealPath|static .*Map" src/
```

`InitialContext` inaonyesha mahali programu inapoiomba seva kitu kwa jina: muunganisho wa hifadhidata, foleni ya ujumbe, wakati mwingine barua pepe. `@Schedule` ni kazi inayojiamsha kwa saa. `@Stateful` na `setAttribute` ni mambo yanayokumbukwa ndani ya mchakato. `new File` na `getRealPath` huonyesha diski ya mashine inayotumika kana kwamba itakuwepo milele. `static Map` mara nyingi ni kache (nakala ya data inayowekwa karibu ili isisomwe upya) ambayo mtu aliianzisha kwa nia njema, kisha akahama kazi.

Ukimaliza, toka kwenye msimbo. Sehemu kubwa ya mfumo wa zamani haimo kwenye Git, inakotunzwa historia ya msimbo. Imo kwenye skrini za usimamizi wa seva, kwenye crontab ya mashine (orodha ya kazi za ratiba), kwenye skripti ya Bash inayohamisha faili kutoka folda moja hadi nyingine, na kichwani mwa mtu wa uendeshaji. Keti naye, umuulize hufanya nini mambo yanapoharibika. Akikuambia huiwasha seva upya kila Jumatatu asubuhi, umeshapata habari kubwa kuliko ambayo grep ingekupa: kuna kumbukumbu inayovuja, na kontena (kisanduku kinachoendesha programu peke yake kwenye wingu) lenye kikomo cha kumbukumbu halitasubiri Jumatatu.

Andika yote kwenye jedwali lenye safu tatu: kitu, mahali kilipo, nani atakifanya baada ya kuhama. Safu ya tatu ikibaki wazi, hapo ndipo penye kazi.

Hatua ya 2: Nasa tabia ya sasa

Mifumo ya aina hii mara nyingi haina majaribio, au ina majaribio yasiyoendeshwa na mtu. Usijaribu kuandika majaribio ya kile mfumo *unachopaswa* kufanya, maana hakuna ajuaye kwa uhakika. Andika majaribio ya kile *unachofanya*. Chukua maombi halisi, ondoa taarifa binafsi za watu, yapitishe kwenye mfumo wa zamani, hifadhi majibu. Majibu hayo ndiyo kipimo chako: toleo jipya likijibu tofauti, lazima ujue kwa nini.

Hii inahusu hata makosa. Kama ripoti ya zamani hukata senti badala ya kuzikadiria, jaribio lako lidai zikatwe. Huenda idara ya fedha imejenga hesabu zake zote juu ya kosa hilo. Kosa lirekebishwe baadaye, peke yake, wahusika wakijua. Lisiponyoke katikati ya uhamaji.

Hatua ya 3: Pandisha Java ukiwa bado nyumbani

Kosa la kawaida ni kubadilisha vitu vitatu kwa mpigo: toleo la Java, fremu (msingi ambao programu imejengwa juu yake, kama Spring), na mahali programu inapoishi. Kitu kikivunjika huwezi kujua kimevunjwa na kipi. Panda kwanza Java hadi toleo linalotunzwa kwa muda mrefu, ukipitia ngazi zake: 8, 11, 17, kisha 21.

Kila ngazi ina mitego yake. Java 9 ilibadilisha chanzo cha kawaida cha miundo ya tarehe na namba za lugha mbalimbali, hivyo tarehe iliyochapishwa kwa namna moja kwa miaka inaweza kutokea na nukta au nafasi isiyokuwepo, na mfumo wa jirani unaoisoma ukakwama. Java 11 iliondoa maktaba za JAXB, JAX-WS na CORBA zilizokuwa ndani ya Java yenyewe; programu za SOAP huanguka hapo mpaka uziongeze maktaba hizo kama tegemezi za kawaida. Java 17 ilifunga mlango wa kuchungulia sehemu za ndani za Java kwa njia ya mlango wa nyuma, na maktaba nyingi za zamani ziliishi kwa kuchungulia. Unaweza kufungua upenyo kwa `--add-opens`, lakini dawa ni kupandisha maktaba zenyewe. Na tangu Java 18, UTF-8 ndiyo seti ya herufi ya kawaida kila mahali. Kama mfumo wako ulitegemea seti ya herufi ya Windows bila kusema, majina yenye herufi za alama yataharibika.

Kisha kuna badiliko la `javax` kwenda `jakarta`. Oracle iliikabidhi Java EE (Java ya programu za makampuni) kwa Eclipse Foundation mwaka 2017, jina likawa Jakarta EE, na toleo la 9 la mwaka 2020 likabadilisha majina ya pakeji zote. Spring Boot 3, iliyotoka Novemba 2022, inataka majina hayo mapya pamoja na Java 17 kwenda juu. Wengi hufungua kihariri na kubadilisha kila `javax` kuwa `jakarta`, halafu wanashangaa programu haikubali kujengwa. `javax.sql` na `javax.crypto` ni mali ya Java yenyewe na hazikuhama. `javax.transaction` ilihama lakini `javax.transaction.xa` ilibaki. Tumia OpenRewrite, zana ya kubadilisha msimbo kiotomatiki, ambayo inazijua tofauti hizi, kisha soma kwa macho yako kila ilichobadilisha.

Kama seva yako imefungwa kwenye Java ya zamani na haipandi tena, basi hapo ndipo pa kuiacha: hamia Spring Boot, Quarkus au seva nyepesi inayobebwa ndani ya JAR, ukiwa bado kwenye mashine zilezile. Wingu lisubiri.

Hatua ya 4: Toa mipangilio nje

Imeji moja (kifurushi cha programu na kila inachohitaji) ijengwe mara moja, ipite kwenye majaribio, na hiyohiyo ndiyo ifike kwa watumiaji. Kujenga EAR tofauti kwa kila mazingira ni kujaribu kitu kimoja na kupeleka kingine. Kinachotofautiana kati ya mazingira, yaani anwani ya hifadhidata, nywila, vikomo vya muda, kiingie kutoka nje kupitia vigeu vya mazingira au faili linalopachikwa wakati programu inaanza. Kanuni hii ilikuwa miongoni mwa kumi na mbili zilizoandikwa na wahandisi wa Heroku zaidi ya miaka kumi iliyopita, na bado haijachakaa.

Nywila iliyowahi kuingia Git, hata kama uliifuta siku ileile, ihesabu kuwa imevuja. Ibadilishe. Historia ya Git haisahau.

Hatua ya 5: Ondoa kumbukumbu ndani ya mchakato

Tenga muda mwingi kwa hatua hii. Mengine yote unaweza kuyanunua kwa mtoa huduma. Hili hakuna atakayekufanyia.

Anza na sesheni. Kabla ya kuamua zihamie wapi, chapisha zilizomo. Utakuta orodha nzima ya matokeo ya utafutaji, kitu cha mtumiaji chenye matawi yake yote, hatua za fomu ndefu, na vitu ambavyo hakuna anayevisoma tena. Punguza mpaka ibaki namba ya mtumiaji na vichache vya lazima. Kisha hamishia Redis (ghala la data linalokaa kwenye kumbukumbu, nje ya programu yako) au hifadhidata. Ukizihamisha bila kuzipunguza, utakuwa unavuta mzigo mkubwa kwenye mtandao kwa kila ombi. Pia utakutana na `InvalidClassException`: sesheni iliyoandikwa na toleo la jana, kwa klasi ambayo leo ina sehemu mpya, haisomeki. Ndani ya seva moja iliyozimwa na kuwashwa usiku hukuliona tatizo hili. Kwenye wingu matoleo mawili huishi pamoja kwa dakika kadhaa, na mtumiaji huruka kati yake. Hifadhi sesheni kama JSON, siyo kwa muundo wa Java wa kufungasha vitu.

Wapo watakaokushauri uachane na sesheni kabisa na utumie tokeni iliyotiwa saini. Ni sawa kwa huduma zinazoongea zenyewe kwa zenyewe. Kwa mtumiaji wa kawaida kumbuka kwamba tokeni haiwezi kufutwa kirahisi kabla ya muda wake kuisha. Aliyefukuzwa kazi saa nne ataendelea kuingia mpaka tokeni yake ife, isipokuwa uweke orodha ya zilizokataliwa. Na orodha hiyo ni kumbukumbu ileile uliyokuwa unaikimbia.

Faili ni rahisi kidogo. Zitenganishe: za muda, ambazo zinaweza kupotea na kontena bila mtu kulia, na za kudumu. Za kudumu ziende kwenye hifadhi ya vitu kama S3 ya Amazon, iliyoanza Machi 2006 na ambayo namna yake ya kuongea imeigwa na watoa huduma wengi. Ila usiichukulie kuwa diski. Kwenye S3 ya kawaida kubadilisha jina la faili maana yake ni kunakili na kufuta, na huwezi kuongeza mstari mwishoni mwa faili lililokwisha kuandikwa. Msimbo unaoandika faili lenye `.tmp` kisha kulibadilisha jina likikamilika unapaswa kuandikwa upya. Habari njema ni kwamba kwenye S3 kitu huonekana kikiwa kizima au hakionekani kabisa, hivyo ujanja wenyewe hauhitajiki tena.

Kache za `static` huleta kero ya aina nyingine: hazivunji kitu, zinadanganya. Msimamizi amebadilisha kiwango cha kodi, nakala moja imekijua kipya, nyingine nne bado zina cha zamani, na mtumiaji anapata majibu tofauti kila anapobonyeza. Kwa vitu visivyobadilika mara kwa mara, weka muda mfupi wa kuisha na ukubali sekunde chache za kutolingana. Kwa vitu ambavyo lazima vilingane, soma kwenye hifadhidata. Ni mara chache hifadhidata hulemewa na hilo kama watu wanavyoogopa.

Kazi za saa ndizo zinazoumiza zaidi. `@Schedule` iliyokaa kwenye seva moja ikipelekwa kwenye nakala tano, huamka mara tano. Wateja mia tano wakipokea ankara tano kila mmoja, utapigiwa simu kabla hujaamka. Njia mbili zinafaa: kufuli kwenye hifadhidata, kwa mfano kupitia maktaba ya ShedLock, ili nakala moja tu ifanye kazi, au kuitoa kazi hiyo nje iwe CronJob ya Kubernetes (kazi ya ratiba inayoamshwa na Kubernetes yenyewe). Lakini hata nyaraka za Kubernetes zenyewe zinasema wazi kwamba kazi inaweza kuendeshwa mara mbili, au isiendeshwe kabisa, katika hali fulani. Kwa hiyo kufuli peke yake halitoshi. Kazi yenyewe iandikwe kwa namna kwamba ikirudiwa haidhuru: kila ankara iwe na ufunguo wa kipekee, mathalani mteja na mwezi, na hifadhidata ikatae wa pili. Ukizoea kuandika hivyo, utaona nusu ya hofu zako kuhusu wingu zinaisha.

Hatua ya 6: Miamala inayovuka mipaka

Kwenye seva ya zamani uliandika safu kwenye hifadhidata na ukatuma ujumbe kwenye foleni ndani ya muamala mmoja, na XA, itifaki ya muamala mmoja unaovuka mifumo kadhaa, ikahakikisha ama vyote viwili vimefanyika au hakuna kilichofanyika. Kwenye wingu sahau hilo. Kafka, mfumo maarufu wa kupitisha ujumbe, haishiriki kwenye XA, na foleni nyingi zinazoendeshwa na watoa huduma hazishiriki pia.

Mbadala unaofanya kazi ni kisanduku cha kutokea. Ndani ya muamala uleule wa hifadhidata, andika badiliko lako na pia mstari kwenye jedwali la ujumbe unaosubiri kutumwa. Mchakato mwingine husoma jedwali hilo, hutuma, huweka alama ya kutumwa. Ukifa kati ya kutuma na kuweka alama, ujumbe utatumwa tena. Ndiyo, utatumwa mara mbili, na mpokeaji lazima awe na namba za ujumbe aliokwisha kuupokea ili aukatae wa pili. Foleni ya kawaida ya SQS, huduma ya foleni ya Amazon, nayo huahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja, siyo mara moja tu, kwa hiyo ulinzi wa mpokeaji ungeuhitaji hata hivyo.

Kwa kazi ndefu inayogusa mifumo kadhaa, kuna wazo la saga, lililoelezwa na Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem mwaka 1987: kila hatua iwe na hatua ya kuitengua. Linaeleweka haraka kwenye ubao na linachosha kwenye msimbo, kwa sababu kutengua nako kunaweza kushindikana. Ndiyo maana nasema usigawe mfumo wako kuwa huduma ndogondogo kwa sababu tu unahamia wingu. Mfumo mmoja mkubwa usio na kumbukumbu ndani yake unaishi vizuri sana kwenye wingu. Ukiugawa na kila huduma ikapata hifadhidata yake, umegeuza muamala wa mistari mitatu kuwa saga, na umeilipia wewe mwenyewe.

Hatua ya 7: Sasa ingiza kwenye kontena

Dockerfile, faili linaloeleza jinsi imeji inavyojengwa, haina haja ya kuwa ndefu:

```
FROM eclipse-temurin:21-jre
WORKDIR /app
COPY target/programu.jar programu.jar
USER 1000
ENTRYPOINT ["java", "-XX:MaxRAMPercentage=70", "-jar", "programu.jar"]
```

Mabano ya mraba kwenye mstari wa mwisho hayapo kwa urembo. Ukiandika `ENTRYPOINT java -jar programu.jar` bila mabano, Docker huanzisha ganda la `sh` kwanza, na ganda hilo linaweza kubaki mchakato namba 1 huku Java ikiwa mtoto wake. Kubernetes ikitaka kuzima podi (nakala moja ya programu inayoendeshwa) hutuma ishara ya SIGTERM, ombi la kujizima, kwa mchakato namba 1, ganda haliipitishi, na Java haijui kama inazimwa. Baada ya sekunde 30, ambazo ndizo muda wa kawaida, inakuja SIGKILL, inayoua bila kuuliza, na maombi yaliyokuwa katikati yanakatika. Kama ni lazima uanze na skripti, mstari wake wa mwisho uwe `exec java ...` ili Java ichukue nafasi ya ganda.

Hata ishara ikifika, programu inapaswa kuijibu vizuri: iache kupokea maombi mapya, imalize yaliyopo, ifunge miunganisho. Spring Boot ina mpangilio huo tangu toleo la 2.3 kwa `server.shutdown=graceful`. Bado kuna pengo dogo: habari kwamba podi inazimwa huchukua muda kufika kwa kigawa mzigo, na kwa sekunde chache maombi huendelea kutumwa kwenye mlango uliofungwa. Weka `preStop` inayolala sekunde tano hadi kumi kabla ya ishara. Inaonekana kama kiraka, na ni kiraka, lakini ndicho kinachotumika.

Kumbukumbu nayo ina hesabu yake. Java za zamani zilitazama kumbukumbu ya mashine nzima badala ya kikomo cha kontena. Hilo lilirekebishwa kwenye Java 10 na kurudishwa kwenye Java 8 kuanzia 8u191. Leo, usipoiambia kitu, Java huchukua robo tu ya kikomo kwa ajili ya vitu vyake, na unalipia robo tatu zilizolala. Asilimia 70 ni mwanzo mzuri. Usiweke 100, kwani klasi, nyuzi na hifadhi za mtandao hukaa nje ya eneo hilo. Ukiona podi imekufa kwa namba 137 bila `OutOfMemoryError` yoyote kwenye logi, elewa kwamba haikufa kwa Java: mara nyingi ni kerneli ya Linux iliyoiua kwa kuvuka kikomo. Na ukiipa podi chini ya prosesa mbili, Java huona mashine ndogo na kuchagua Serial GC, mkusanya takataka wa uzi mmoja. Mapumziko marefu ya ghafla mara nyingine yanatokana na hilo tu.

Miunganisho ya hifadhidata pia ipigiwe hesabu upya. HikariCP, maktaba inayotunza miunganisho hiyo, hufungua hadi miunganisho 10 kwa kila nakala. PostgreSQL kwa mpangilio wa kawaida hukubali 100. Podi 12 ni miunganisho 120, na umeshavuka. Wakati wa kupandisha toleo, Kubernetes kwa kawaida huongeza robo ya podi za ziada, kwa hiyo kwa muda zinakuwa 15 na miunganisho 150. Tatizo litaonekana tu siku ya kupandisha toleo, nawe utalilaumu toleo. Punguza hadi mitano au sita kwa kila podi, au weka PgBouncer, kigawa miunganisho ya PostgreSQL, katikati.

Hatua ya 8: Afya na logi

Kubernetes huuliza maswali mawili tofauti: uko hai? uko tayari? La pili liruhusiwe kugusa hifadhidata. La kwanza hapana. Ukiweka hifadhidata kwenye swali la uhai, siku hifadhidata itakapokohoa kwa dakika moja, podi zote zitaonekana zimekufa, zitauawa pamoja, zitaamka pamoja, na zitaivamia hifadhidata iliyokuwa ndiyo kwanza inainuka.

Logi ziende kwenye stdout (mkondo wa kawaida wa matokeo ya programu) kama mistari ya JSON, siyo kwenye faili, kila mstari ukiwa na namba ya kufuatilia ombi. Kwa ufuatiliaji chagua OpenTelemetry, iliyozaliwa 2019 kwa kuunganisha OpenTracing na OpenCensus, ili usifungwe kwa mtoa huduma mmoja. Zaidi ya hapo nyaraka zake zinatosha.

Hatua ya 9: Hamisha kipande kwa kipande

Martin Fowler aliandika mwaka 2004 kuhusu mitini aliyoiona Queensland, Australia, inayomea juu ya mti mwingine na kuuzunguka pole pole mpaka mti wa ndani ufe. Njia ya kuhama ilipata jina lake hapo. Weka kielekezi mbele ya mfumo wa zamani. Mwanzoni kinapitisha kila kitu kwenda kwa mzee. Kisha chagua njia moja tu ya kuipeleka kwenye mfumo mpya.

Chagua njia ya kusoma, isiyoandika, yenye watumiaji wa kutosha kuonyesha matatizo lakini isiyosimamisha kampuni ikikwama. Kwa siku kadhaa tuma ombi pande zote mbili, mjibu mtumiaji kwa jibu la zamani, linganisha jibu jipya kimyakimya. Majibu uliyohifadhi hatua ya 2 yatakuwa yamekuandaa, lakini maombi halisi yana vituko ambavyo hakuna aliyevifikiria. Tofauti zikiisha, geuza asilimia ndogo, ongeza. Kielekezi kiwe na njia ya kurudi nyuma kwa kubadilisha mpangilio mmoja, na ijaribuni njia hiyo mchana, wakati kila mtu yupo.

Hifadhidata itabaki ya pamoja kwa muda mrefu, na hapo ndipo nidhamu inahitajika. Mabadiliko ya muundo yaandikwe kwa Flyway au Liquibase, zana za kubadilisha hifadhidata kwa hatua, na yakae kwenye Git. Kwa kuwa matoleo mawili huishi pamoja, huwezi tena kubadilisha jina la safu kwa toleo moja. Inakuwa hivi: toleo la kwanza linaongeza safu mpya na kuandika kote kuwili, kazi ya pembeni inajaza mistari ya zamani, toleo la pili linasoma kwenye mpya, toleo la tatu linaacha kuandika kwenye ya zamani, la mwisho linaifuta. Matoleo manne kwa kubadilisha jina moja. Utachoka, kisha utaanza kufikiri sana kabla ya kulipa kitu jina.

Usimwahidi bosi miezi mitatu. Netflix, yenye wahandisi wengi na hiari kamili ya uongozi, ilianza kuhama baada ya hifadhidata yake kuharibika mwaka 2008 na ikakamilisha Januari 2016.

Hatua ya 10: Kuzima seva ya zamani

Kielekezi kikionyesha hakuna ombi linalokwenda kwa mzee, usifute bado. Angalia logi zake na miunganisho ya hifadhidata, ukitafuta akaunti zinazoingia bila kupita kwenye kielekezi: ripoti ya Excel ya mtu fulani, mfumo wa jirani unaosoma majedwali moja kwa moja. Ripoti za kufunga mwaka huamka mara moja kwa mwaka, kwa hiyo kabla ya kufuta seva lazima mwisho wa mwaka mmoja uwe umepita ikiwa kimya.

Anza kwa kuondoa ruhusa za akaunti zake kwenye hifadhidata, moja moja, usubiri malalamiko kwa wiki. Kisha izime lakini uihifadhi diski yake. Badilisha nywila zote ilizokuwa ikizijua. Angalia tarehe ya kuhuisha leseni mapema, kwa sababu mikataba mingi hudai taarifa ya kusitisha miezi kadhaa kabla, na timu iliyosahau hulipia mwaka mzima seva iliyozimwa.